BANDA LIMEZIBWA, JIKO LINAWAKA, VIFARANGA WANAKUFA: TATIZO NI HEWA

Wadau wafugaji wa Yakobi, Njombe mjini, Makambako na kwingineko kwenye baridi, leo tuongelee hewa ya chumba cha kulelea vifaranga. Ikifika Juni mpaka Agosti, wengi wetu tunachokimbilia ni kuziba: viroba dirishani, matambara chini ya mlango, jiko la mkaa katikati. Joto kweli linapatikana, ila asubuhi unaokota mizoga na kusingizia mdondo.

Ndani ya chumba hicho kuna hewa mbili mbaya.

Ya kwanza ni amonia, ile harufu kali inayochoma pua. Inatoka kwenye kinyesi kikishapata unyevu. Inaharibu vinyweleo vidogo vya koromeo vinavyosukuma nje vumbi na vijidudu, hapo mafua yanapata njia. Kiwango kinachoshauriwa ni isizidi sehemu 25 kwa milioni. Kipimo huna? Chuchumaa mpaka pua ifike usawa wa vifaranga. Macho yakiwasha, imeshazidi. Fanya hivyo ukiwa ndiyo kwanza umetoka nje, maana pua huzoea haraka.

Ya pili ni kaboni monoksaidi ya mkaa. Haina harufu wala rangi, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Usidanganyike kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi basi uko salama, bado inatoka. Na hii haiui kuku peke yao. Anayelala chumba kimoja na vifaranga ili alinde moto anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, mwisho haamki.

Sisi wa huku juu tuna la ziada. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa kama moja ya tano ukilinganisha na Dar. Kuku wa nyama anakua haraka, moyo unazidiwa, tumbo linajaa maji. Ukimzibia na hewa, umemmaliza.

Sasa tufanyeje?

1. Ziba chini, acha wazi juu. Pazia la kiroba lifungwe kuanzia chini, libaki wazi kiasi cha kiganja juu, pande mbili zinazotazamana, na waya wa kuzuia paka. Hewa baridi ikiingilia juu inachanganyika na joto kabla ya kuwafikia vifaranga. Hewa nzito ya unyevu nayo inatokea hukohuko.

2. Washa jiko nje, liingize likishakolea. Hii inapunguza moshi tu, kwa hiyo ule uwazi wa juu usifungwe hata usiku. Mwenye umeme wa uhakika atumie taa ya joto.

3. Kausha sakafu. Maranda ya mbao huku kwetu si shida, weka unene wa sentimeta 5 hadi 10. Chombo cha maji kiinue juu ya tofali. Palipolowa ondoa siku hiyohiyo, weka makavu.

4. Usimwage chokaa wala majivu juu ya maranda yaliyolowa wakati vifaranga wamo. Vinafanya amonia ifumuke zaidi. Chokaa ni ya kusafishia banda likiwa tupu.

5. Usiwasonge. Wakiwa wengi mahali padogo, kinyesi na unyevu vinaishinda hewa.

Joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35 usawa wa vifaranga, kisha shusha kama nyuzi 3 kila wiki. Wenyewe watakuambia: wakijazana chini ya jiko, baridi, wakilikimbia huku wanahema, joto, wakijibana kona moja, kuna upepo unawapiga, tafuta tundu.

Ndiyo, uwazi wa juu utakula mkaa zaidi kidogo. Lakini piga hesabu ya debe la mkaa na ya boksi zima la vifaranga, achilia mbali roho ya mtoto uliyemwambia alale humo.

Nawasilisha. Mwenye uzoefu wa baridi ya huku amwage hapo chini, tujifunze wote.