Kabla hujamwacha mbwa wako saluni, uliza nani atakuwa naye

Nairobi siku hizi mbwa pia ana siku yake ya saluni. Kama unaishi kwenye fleti Kilimani, Ruaka ama Syokimau na unafuga Japanese Spitz mweupe pepe, unajua vizuri tope la mwezi wa nne linavyomfanya. Unampeleka aoshwe, akaushwe, anyolewe na kukatwa kucha, halafu unarudi kumchukua akinukia kama mtoto mchanga. Wengine hata hawatoki nyumbani, mhudumu anawafuata hadi getini na gari lenye beseni na vifaa vyote. Unatuma hela kwa M-Pesa, maisha yanasonga.

Mara nyingi mambo huenda poa. Lakini mbwa akiumia saluni, hana mdomo wa kukueleza ilivyokuwa. Wewe ulikuwa kazini ama unakunywa kahawa ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana kazi ya kumlinda huifanyi unapomchukua, unaifanya kabla hujamwacha. Na swali la kwanza lisiwe bei. Liwe hili: nani atakuwa na mbwa wangu kila dakika? Ajali mbaya zaidi, kama vile kupigwa na joto, kunyongwa na kamba na kuanguka kutoka mezani, hutokea pale mhudumu anapogeuka kushika simu ama kupokea mteja mwingine.

Karatasi ya ukutani haitoshi

Daktari wa mifugo unaweza kumhakiki. Kenya ina bodi, Kenya Veterinary Board, inayowasajili madaktari hao na wasaidizi wao chini ya sheria ya mwaka 2011. Kinyozi wa mbwa hayumo humo. Kibali cha biashara cha kaunti kinasema tu kwamba ameruhusiwa kufungua duka, hakisemi kama anajua kumshika mbwa mwenye hofu. Mtu anaweza kununua mashine ya kunyolea leo, atazame video mbili tatu usiku, afungue ukurasa wa Instagram na kesho apokee mbwa wako.

Hilo halimaanishi wote ni wababaishaji. Wapo wenye ujuzi na subira ya ajabu. Shida ni kwamba hakuna cheti kimoja cha kuwatofautisha, kwa hivyo mkaguzi ni wewe.

Nenda mara ya kwanza bila mbwa. Omba kuona chumba cha nyuma, si mapokezi yenye picha nzuri tu. Angalia sakafu kama inateleza. Hesabu mbwa waliopo, kisha hesabu watu wanaowahudumia. Tazama mlango: mhudumu akiufungua kumkaribisha mteja, kuna geti la pili ama mbwa atachomoka moja kwa moja hadi barabarani kwenye matatu na bodaboda? Ukiambiwa huwezi kuona nyuma, shukuru na uende zako. Saluni nyingine huzuia wenye mbwa kukaa ndani wakati wa kazi kwa sababu mbwa akikuona anahangaika, na hapo wana hoja. Lakini kukuonyesha chumba, dirisha la kioo ama kamera si jambo la kubembelezana.

Sikiliza pia maswali unayoulizwa. Kinyozi makini atataka kujua umri wa mbwa, chanjo zake, kama ana ugonjwa wa moyo ama kifafa, kama amewahi kung'ata mtu na sehemu gani hapendi kuguswa. Anayekuuliza jina la mbwa na namba ya simu pekee, huyo mtilie shaka.

Joto la mashine ya kukausha

Kama kuna kifaa cha kuulizia sana, ni mashine ya kukaushia manyoya. Kuna ile ya kushikwa mkononi, ambayo mhudumu lazima awepo ili ifanye kazi. Na kuna ile inayofungwa kwenye kizimba, mbwa anawekwa ndani, hewa moto inapulizwa, na mhudumu anaendelea na mbwa mwingine. Hii ya pili imeua mbwa katika nchi mbalimbali.

Sababu ni rahisi kuelewa. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hutoa kidogo tu kwenye nyayo, na sehemu kubwa ya joto huipunguza kwa kuhema. Akifungiwa kwenye hewa moto yenye unyevu wa manyoya yake mwenyewe, kuhema hakusaidii tena. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi. Likipanda hadi 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika, na dakika chache zinatosha.

Walio hatarini zaidi ni mbwa wa pua fupi kama pug, bulldog na Shih Tzu, pamoja na wazee, wanene na wenye ugonjwa wa moyo. Ukiwa Mombasa, ambako hewa yenyewe tayari ni ya moto na nzito, hatari inaongezeka.

Kwa hivyo sema wazi, tena kwa maandishi kwenye WhatsApp: "Mbwa wangu asikaushwe ndani ya kizimba kwa hewa moto." Taulo, hewa ya kawaida na mashine ya mkononi vinatosha. Itachukua muda mrefu kidogo. Subiri.

Kamba ya mezani

Juu ya meza ya kunyolea huwa kuna mkono wa chuma wenye kitanzi kinachovishwa shingoni ili mbwa asirukeruke. Kikitumiwa vizuri na mtu akiwa kando, kinasaidia. Mtu akiondoka hata kidogo, mbwa akaruka, kitanzi kinakuwa cha kunyongea. Uliza kama kamba zao hufunguka haraka, na kama mbwa huachwa mezani peke yake. Jibu sahihi la swali hilo la pili ni "hapana", bila maelezo marefu.

Ukiambiwa mbwa wako mkali atapewa "kitu kidogo cha kumtuliza", kataa. Dawa za kulaza mnyama ni kazi ya daktari wa mifugo, aliyempima na anayeweza kumwokoa moyo ukilegea. Mbwa asiyeshikika kabisa apelekwe kliniki akahudumiwe huko.

Shampuu na dawa ya kupe

Ngozi ya binadamu ina asidi zaidi kuliko ya mbwa, ndiyo maana shampuu yako inaweza kumkausha na kumwasha. Omba kuona chupa inayotumika.

Kubwa zaidi ni dawa ya kupe. Kwetu ni rahisi mtu kuingia duka la kilimo, akanunua dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitraz, akaichanganya kwa kukisia na kummwagia mbwa. Ikizidi, mbwa anasinzia isivyo kawaida, anayumba na mapigo ya moyo yanashuka. Kwa mbwa mdogo kama Chihuahua, kosa dogo la kipimo ni kubwa. Uliza jina la dawa, kipimo, na kama imekusudiwa mbwa. Na kama una paka nyumbani, taja hilo pia: permethrin, ambayo hutumika kwa mbwa, inaweza kumuua paka.

Chanjo kwanza, urembo baadaye

Saluni hukusanya mbwa wa kila mtaa. Parvo, ugonjwa unaomharisha mtoto wa mbwa damu na kumuua kwa siku chache, virusi vyake vinaweza kukaa sakafuni kwa miezi. Chanjo za mtoto wa mbwa huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa mpaka afikishe wiki 16 hivi. Kabla hajazimaliza, muogeshe nyumbani. Saluni inayodai kadi ya chanjo, pamoja na ile ya kichaa cha mbwa, haikusumbui. Inamlinda mbwa wako na vidole vya wafanyakazi wake.

Uliza pia wanasafishaje vifaa. Choa husafiri kwa mashine ya kunyolea na brashi, na haubagui: hutoka kwa mbwa ukaingia kwako.

"Mnyoe yote" si wazo zuri

Watu wengi huomba Spitz ama German Shepherd anyolewe kipara ili "apate hewa". Mbwa hawa wana manyoya ya tabaka mbili, na tabaka hizo huwasaidia kuzuia jua na baridi. Ukimnyoa kabisa, ngozi inabaki wazi kwa jua na manyoya huenda yasirudi yalivyokuwa. Anachohitaji ni kuchanwa.

Na kuchana ni kazi yako ya kila wiki. Manyoya yakijifunga mafundo, ngozi huvutwa ndani ya fundo na mkasi unakata vyote pamoja. Mbwa akifika saluni akiwa mafundo matupu, usimlaumu kinyozi akikwambia njia salama ni kunyoa.

Unapomchukua

Usikimbilie kupiga selfi. Mpapase kwanza papo hapo mbele ya mhudumu: masikio, makwapa, tumbo, kati ya vidole, chini ya mkia. Tafuta mikwaruzo, wekundu wa mashine iliyopata moto, kucha inayotoa damu. Mwache atembee hatua chache uone kama anachechemea. Ulikuwa umempiga picha asubuhi kabla ya kumwacha? Sasa ndipo picha hizo zina maana.

Kuchoka kidogo ni kawaida. Kuhema bila kukoma, ute mzito, fizi nyekundu sana ama zilizopauka, kutapika na kuyumba si kawaida. Ukiona dalili za joto, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya mfereji, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo. Usingoje kesho uone kama atapoa.

Mambo yakiharibika

Iombe saluni ikueleze kilichotokea, kwa maandishi. Mwombe daktari akuandikie ripoti na uweke risiti zote, hata ujumbe wa M-Pesa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya huduma bora na fidia ukipata hasara kwa sababu ya huduma mbovu. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza kesi za hadi Sh1 milioni, na huhitaji wakili kuingia humo. Kama ni ukatili, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inaufanya kosa la jinai. Ripoti polisi, na unaweza kuwasiliana na shirika la KSPCA.

Lakini hakuna fidia inayomrudisha mbwa. Kwa hivyo kabla ya miadi yako ijayo, piga simu uulize mambo matatu: mnakaushaje, nani hubaki na mbwa mezani, na naweza kuona chumba cha nyuma? Majibu yatakuonyesha kama utampeleka huko, ama Jumamosi hii utakunja suruali umwogeshe mwenyewe bafuni.