Paa lililozishinda roboti

Septemba 1986, miezi mitano baada ya kinu namba 4 cha kituo cha nyuklia cha Chernobyl kulipuka, mapaa ya jirani yalikuwa bado yametapakaa vipande vya grafiti yenye mionzi vilivyorushwa na mlipuko. Ilibidi virudishwe kwenye shimo la kinu kabla ya jengo zima kufunikwa kwa zege na chuma. Wasovieti wakapeleka mashine. Moja, Joker, ilitoka Ujerumani Magharibi. Nyingine ziliundwa na wahandisi wa taasisi iliyotengeneza magari ya Lunokhod, yale yaliyotembea mwezini. Baadhi zilifanya kazi kiasi, nyingine zikanasa kwenye kifusi au zikaacha kutii amri. Hatimaye Jenerali Nikolai Tarakanov akapandisha watu zaidi ya 3,000, wengi wao askari wa akiba, wenye makoleo mikononi na mabamba ya risasi kifuani. Wakabandikwa jina: roboti hai. Picha alizopiga Igor Kostin juu ya mapaa hayo zina michirizi myeupe chini, maana mionzi iliingia hadi kwenye filamu.

Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kana kwamba mwili wa binadamu ulionekana imara kuliko mashine. Si kweli.

Mionzi ya gama ni ya ukoo mmoja na mwanga, ila nguvu yake ni kubwa mno. Haina uzito wala chaji, hivyo hupenya nguo, ngozi na bati bila taabu. Ikigonga atomu hung'oa elektroni, nayo elektroni hiyo hung'oa nyingine nyingi njiani. Mpaka hapo silikoni ya mashine na nyama ya mtu ni mamoja.

Ndani ya chipu, kila transista ni swichi inayotegemea utando mwembamba wa kuhami umeme. Elektroni zikishang'oka humo hutoka upesi, lakini chaji chanya zinazoachwa nyuma hunasa na kurundikana, mpaka swichi inavuja umeme hata ikiwa imezimwa. Kwa macho roboti ni nzima kabisa, ila haisikii tena inachoambiwa.

Mwilini, sehemu kubwa ya madhara hupitia kwenye maji. Gama huvunja molekuli za maji ndani ya seli kuwa vipande vikali vinavyoshambulia DNA, ambayo ni kama ngazi: ukikatika mguu mmoja hutengenezeka, ikikatika yote miwili mahali pamoja ukarabati huweza kukosewa. Kosa hilo huweza kuja kuwa saratani miaka mingi baadaye, au seli ikafa inapojaribu kugawanyika. Ndiyo maana zinazoumia mwanzo ni zile zinazogawanyika kila mara: za uboho, za utando wa utumbo, za mizizi ya nywele. Kati ya wafanyakazi na wazimamoto wa Chernobyl, 134 walithibitika kuugua maradhi makali ya mionzi, na 28 walifariki mwaka huohuo. Mgonjwa hutapika, kisha hupata nafuu ya siku kadhaa inayowadanganya nduguze. Wakati huo uboho umeshaacha kuzalisha damu mpya.

Sasa tupige hesabu. Dozi hupimwa kwa grei. Mwili mzima ukipata grei 4 hadi 5 kwa mkupuo, bila matibabu, karibu nusu ya watu hufa. Chipu ya kawaida ya dukani huvumilia makumi ya grei, pengine mamia. Zilizoundwa kwa ajili ya vyombo vya anga za juu hufika maelfu. Roboti, basi, ilikuwa imara kuliko askari. Lakini askari alikaa juu dakika mbili tatu, wengine hata moja haikutimia, akashuka, akapanda mwenzake. Roboti iliachwa hukohuko. Dozi iligawanywa kwa maelfu ya vichwa, na kuuita huo ushindi wa mwili ni kuwadhulumu waliopanda.

Hata hivyo mwili una jambo moja lisilo kwenye chipu: hujikarabati. Tiba ya mionzi, kama ile ya kobalti-60 iliyotumika kwa miaka mingi Ocean Road jijini Dar es Salaam, hutegemea hilo. Mara nyingi mgonjwa hupewa takriban grei 2 kwa siku, kwa wiki kadhaa, ili seli nzima zipate nafasi ya kupona kati ya dozi na dozi. Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani hakina nafasi hiyo. Kila dozi inayokifikia hujumlishwa juu ya ya jana. Kama wewe au mzee wako mna kifaa hicho na mmeandikiwa tiba ya mionzi, mwambieni daktari mapema, kabla mashine haijawashwa.