Wakili Aliyerudi Idsowe

Karatasi zilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya leso, na leso ilikuwa imefungwa mafundo mawili. Mama alizitoa moja moja, akazitandaza juu ya magoti yake. Cheti cha kifo cha mumewe kilikuwa kimeingia maji. Muhuri umegeuka doa la zambarau, tarehe haisomeki tena. Kadi ya kliniki ya mtoto wa mwisho ilikuwa imeshikana na risiti za chama, ukitaka kuzibandua zinachanika.

"Hizi ndizo yalizoniachia maji, mwanangu," alimwambia kijana aliyeketi mbele yake.

Kijana huyo ni wakili. Hajafika miaka thelathini, koti lake amelitundika kwenye tawi la mwembe, na daftari lake tayari lina vumbi. Hakukimbilia vifungu vya sheria. Alimuuliza swali moja lililonifanya nisogeze kiti changu karibu: "Mama, ndoa yenu ilikuwa ya kanisani, ya msikitini au ya kimila?"

Simtaji mama jina, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha nimeyaacha nje, kwa sababu shauri lake ni la familia na bado lina joto. Ila lile swali nataka tukae nalo, maana ndani yake mna kila kitu ninachokiona kuhusu mawakili vijana na kazi ya kuwatumikia watu wa Tana River.

Idsowe ni kijiji cha Wapokomo, jirani na mji wa Garsen, upande wa barabara iendayo Witu na Lamu. Mto Tana, ulioanzia kwenye miteremko ya Aberdare na Mlima Kenya, ukifika huku hauna haraka tena. Unatawanyika kwenye nyanda za chini hadi kuingia baharini Kipini. Mkulima wa hapa hupanda kwa kuufuata mto: maji yakijaa na kurudi, udongo unabaki na rutuba, mpunga, ndizi na mahindi vinakubali. Lakini maji hayohayo ndiyo yaliyowahamisha watu wa Tana ya chini wakati wa Elnino ya 1997 na 1998, wakahama tena 2018, tena mwishoni mwa 2023, tena 2024. Kila wanapohama, karatasi huachwa nyuma au huloa njiani. Na mto unapotulia, mara nyingine haurudi palepale. Mpaka wa shamba uliokuwa mti fulani, mti wenyewe hauko.

Sasa turudi kwenye swali. Mama alijibu kwamba ndoa yao ilikuwa ya kimila. Wakili akanyamaza kidogo, na mimi nisiyejua sheria sikuelewa kwa nini. Alinieleza baadaye. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1 Julai 1981, inagawa mali ya mtu aliyekufa bila wasia kwa kumtanguliza mjane na watoto. Lakini kifungu cha 32 kinatoa nje ya mgao huo ardhi ya kilimo, mazao na mifugo katika baadhi ya wilaya, na Tana River ni mojawapo, pamoja na Lamu, Garissa, Wajir, Turkana na nyingine za wafugaji. Kwa mali hizo, kifungu cha 33 kinasema zifuate sheria au mila ya jamii ya marehemu. Kama marehemu ni Mwislamu, njia ni nyingine tena, inapita kwa Kadhi.

Kwa hiyo mjane wa Nyeri na mjane wa Idsowe, wote raia wa nchi moja, wakienda kudai shamba alilowaachia mume, hawaingii kwa mlango mmoja.

"Mila ipi?" mama alisema alipoelezwa. "Mila ya mama mkwe ndiyo iliyonipa shamba. Mila ya shemeji ndiyo inayoninyang'anya."

Wakili aliandika maneno hayo kama yalivyo. Akamweleza kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika mila zinazohusu ardhi uondolewe, na kwamba kifungu cha 27 kinawasawazisha wanaume na wanawake, na kwamba hoja hizo zinaweza kubishaniwa mahakamani. Lakini hakumwahidi ushindi. Nilimheshimu kwa hilo. Mtu aliyezoea kuahidiwa na wanasiasa anastahili angalau mmoja wa kumwambia ukweli wa mambo ulivyo.

Kujitolea kwa mawakili Kenya si jambo la jana. Kituo cha Sheria, ambacho jina lake linajulikana hadi vijijini, kilianza Nairobi mwaka 1973 kwa nguvu za wanasheria wa kujitolea waliokuwa wakiwasaidia maskini bila malipo. Chama cha Mawakili Kenya, LSK, kila mwaka kina wiki yake ya uhamasisho wa kisheria, ambapo mawakili huweka meza katika viwanja vya mahakama nchini na kumsikiliza yeyote anayekuja. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na kuwatambua wasaidizi wa kisheria wa vijijini. Na Katiba, kifungu cha 48, inaiagiza Serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, tena ada ya mahakama isiwe kizuizi.

Kwenye karatasi, basi, mlango uko wazi. Shida ni kilomita zilizo kati ya mlango na mtu. Zamani shauri kubwa la Tana ya chini lilipelekwa Malindi, zaidi ya kilomita 100, na nauli ya kwenda na kurudi kusikia kesi ikiahirishwa ilitosha kumfanya mtu aache haki yake. Kufunguliwa kwa Mahakama Kuu pale Garsen, katikati ya muongo uliopita, kumeleta nafuu ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuipima. Lakini jengo la mahakama likisogea, mawakili hawasogei nalo. Vijana wa Tana River waliosoma sheria wengi wana ofisi zao Mombasa, Malindi na Nairobi, na siwalaumu. Mtu aliyesoma chuo kikuu miaka minne, kisha akapitia Chuo cha Sheria cha Kenya kule Karen na miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mkubwa, ana madeni na ana wazazi wanaomtazama. Wateja wa kulipa wako mjini.

Ndiyo maana wanapokuja, huja kwa siku moja. Basi dogo, fulana zenye maandishi, meza, viti vya plastiki, picha, chakula cha mchana, kwaheri. Watu hueleza shida zao, huandikwa kwenye fomu, huambiwa "njoo na barua ya chifu." Siidharau siku hiyo hata kidogo. Siku moja inatosha kumjulisha mtu kwamba polisi hawana ruhusa ya kumtoza ada ili apewe dhamana, au kwamba mtoto ana haki ya cheti cha kuzaliwa hata baba akimkana. Ila sheria yenyewe haikuumbwa kwa siku moja. Tazama shauri la mirathi: kwanza cheti cha kifo, kisha barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, kisha fomu zipelekwe mahakamani, kisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za kusubiri mwenye pingamizi, kisha barua za usimamizi, na baada ya hapo kwa kawaida miezi sita ipite kabla mahakama haijathibitisha mgao. Mambo yakienda vizuri kabisa, bila shemeji kupinga, ni karibu mwaka. Aliyekuja na fulana Machi atakuwa wapi Desemba?

Hili ndilo ninalolishikilia: huduma ya wakili kijana huanza siku anayorudi.

Tana Delta ina mfano mkubwa wa hilo. Miaka ya 2008 hadi 2011 ardhi ya delta ilitamaniwa kila upande. Kulikuwa na mpango wa mashamba ya miwa wa TARDA, mamlaka ya serikali ya maendeleo ya mito Tana na Athi, pamoja na kampuni ya sukari ya Mumias, kulikuwa na kampuni za kigeni zilizotaka kupanda mimea ya mafuta, na zilisikika habari za serikali ya Qatar kutaka hekta 40,000 za kulima chakula. Wenyeji walikwenda mahakamani Malindi, amri ya kusimamisha mradi wa miwa ikatolewa mwaka 2008, kisha mwaka uliofuata kesi ikaanguka kwa sababu za kiutaratibu. Hapo wengi wangekunja jamvi. Lakini mwaka 2010 wakazi wanne waliwasilisha kesi nyingine Nairobi, nambari 14 ya mwaka huo, na tarehe 4 Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba mpango wa matumizi ya ardhi ya delta uandaliwe, na wenyeji washirikishwe katika kuuandaa. Mpango huo ulikamilika 2015. Kati ya kesi ya kwanza kuanguka na uamuzi huo kulikuwa na karibu miaka minne ya hati za kiapo, safari za usiku kwenye basi, na mtu fulani wa kumfafanulia mkulima na mfugaji kwa nini kesi imetajwa tu halafu ikasogezwa mbele.

Na katikati ya miaka hiyo damu ilimwagika. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Mashambulizi ya kulipizana kati ya Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji yaliendelea hadi mwanzoni mwa 2013, na tume ya uchunguzi ikaundwa chini ya Jaji Grace Nzioka. Anayekuja Tana kufundisha sheria bila kujua habari hiyo atasema neno la kuumiza bila kukusudia. Akitamka "mpaka", mkulima anasikia shamba lake, na mfugaji anasikia malka, ile njia ya mifugo kushukia mtoni, imezibwa. Wazee wa Gasa wa Kipokomo na wazee wa Matadheda wa Kiorma wamebeba mashauri ya malka na mashamba kabla mahakama yoyote haijajengwa Garsen. Katiba, kifungu cha 159, inaitambua njia hiyo, mradi isikiuke haki za watu, na tangu 2020 Idara ya Mahakama ina sera rasmi ya mifumo mbadala ya haki. Wakili kijana ana kazi ya heshima pale: kukaa mkekani, kusikiliza, kuandika makubaliano vizuri ili yasimame hata mahakamani, na kuuliza kwa adabu, pale inapobidi, mbona hakuna mwanamke aliyeulizwa.

Lipo pia suala la ardhi ya jamii, na hapa naona haja kubwa kuliko kwingine. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaitaka jamii iitishe mkutano wa watu wazima wake, theluthi mbili wafike, wachague kamati ya watu kati ya saba na kumi na watano, kisha waombe usajili. Ardhi isiposajiliwa hubaki mikononi mwa serikali ya kaunti kama mdhamini, na fidia ikilipwa kwa ajili ya barabara au mradi wowote, pesa hushikwa na kaunti hadi jamii isajiliwe. Kuandika kumbukumbu za mkutano ule, kuhakiki orodha, kuhakikisha ramani haimezi malka ya jirani: hakuna gazeti litakaloweka picha ya kazi hiyo ukurasa wa mbele, lakini kijiji kinaweza kuishi kwayo kwa vizazi.

Kila mwaka mawakili hutakiwa kujipatia pointi za mafunzo endelevu ili wapate leseni, na seminari nyingi hufanyika hotelini. Natamani siku za Idsowe zihesabiwe kwa uzito uleule, kwa kuwa wakili aliyemweleza mama kifungu cha 32 kwa Kiswahili chepesi, kisha akakisikia kikirudi kwa Kipokomo kutoka kinywani mwa mkalimani, amejifunza sheria hiyo kwa namna ambayo mhadhara hauwezi kumpa.

Yule kijana alirudi. Wiki tatu baadaye alishuka kwenye matatu ya Garsen, akaja kwa bodaboda, peke yake, bila fulana. Alikuwa na nakala mpya ya cheti cha kifo, na barua ya chifu ilikuwa tayari. Waliketi chini ya mwembe uleule, akaanza kumsomea mama majina ya warithi, moja baada ya jingine, polepole. Alipofika kwa mtoto wa tatu, mama aliinua mkono.

"Hapo si sawa. Jina lake halisomwi hivyo."

Herufi moja ilikuwa imepungua. Wakili alitoa kalamu, akaishika juu ya karatasi, kisha akairudisha mfukoni. Barua ya chifu hairekebishwi na mtu mwingine. Jua lilikuwa limeshapanda. Mama alifunga karatasi zake kwenye nailoni, nailoni kwenye leso, akasimama, na wakaongozana wawili kuelekea ofisi ya chifu.