Vita vya Panzi, Hesabu ya Kunguru

Mmebaki wanne mezani katika mashindano ya poka. Kila mmoja ana chipu 10,000 (vile vibao vya plastiki, si chipsi za kuliwa), na zawadi ni tatu tu: wa kwanza shilingi 500,000, wa pili 300,000, wa tatu 200,000. Wa nne anakwenda zake mikono mitupu. Umegawiwa malkia wawili. Jirani yako anasukuma chipu zake zote katikati, na kwa papara karata zake zinafunuka: ree ya kopa na mfalme wa pau. Hakuna tena la kubahatisha kuhusu alichoshika. Ukimfuata, yaani ukiweka chipu zako zote dhidi ya zake, malkia wako watashinda takriban mara 57 katika kila 100. Unamfuata?

Kwenye poka ya fedha taslimu, ambako kila chipu ni shilingi iliyovaa plastiki, usingefikiri mara mbili. Mwenye nafasi ya 57 dhidi ya 43 anaweka fedha, na siku akishindwa hulala usingizi wake vizuri. Katika mashindano, malkia hao unawatupa. Wachezaji wa huko ng'ambo hukiita kipindi hiki kiputo: amebaki mtu mmoja kutolewa ili waliosalia wote wawe ndani ya zawadi, na kila mtu anangoja kisikike kikipasuka kwa mwingine.

Siri iko kwenye chipu zenyewe. Haziuzwi. Huwezi kuinuka na chipu 10,000 ukaenda dirishani kudai chako. Kinacholipwa ni nafasi uliyomalizia. Mtazame mshindi: mwisho wa mchezo amekusanya chipu zote 40,000 zilizokuwa mezani, asilimia 100, lakini fungu lake ni nusu ya milioni. Kwa hiyo kila chipu anayoongeza ina thamani pungufu kuliko iliyotangulia, na ya thamani kuliko zote ni ile ya mwisho kabisa, inayokuzuia usitoke.

Pungufu kiasi gani? Jibu lilitoka kwenye mbio za farasi. Mwaka 1973 mwanatakwimu David Harville alichapisha njia ya kukadiria farasi gani atashika nafasi ya pili na ya tatu, ukishajua uwezekano wa kila mmoja kuwa wa kwanza. Mpe kila farasi nafasi yake ya kushinda, halafu mwondoe mshindi, uwagawie waliobaki upya kwa uwiano uleule, kisha rudia. Mwaka 1987 mwandishi wa mambo ya kamari Mason Malmuth aliileta njia ya namna hiyo kwenye poka: badala ya farasi weka wachezaji, na nafasi ya kushinda iwe sehemu ya chipu aliyonayo mtu. Leo programu za kompyuta za wachezaji huimaliza hesabu hiyo kufumba na kufumbua, lakini kwa meza yetu ya watu wanne kalamu inatosha.

Kabla ya kugombana, wote mko sawa, hivyo kila mmoja "ana" shilingi 250,000. Tuseme umemfuata jirani na umeshinda. Una chipu 20,000, wenzako wawili wana 10,000 kila mmoja. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni nusu, ya kuwa wa pili ni theluthi moja, ya kuwa wa tatu ni sudusi. Zidisha kila moja kwa zawadi yake, jumlisha: shilingi 383,000 na ushee. Chipu zimeongezeka maradufu, fedha zimepanda kwa kama nusu tu. Ukishindwa, ni sifuri. Ili kumfuata jirani kuwe na maana unahitaji kushinda zaidi ya mara 65 katika 100, na malkia wako wanakupa 57. Kwa wastani, ujasiri huo unakugharimu shilingi zaidi ya 31,000.

Sasa wageukie wale wawili ambao hawakugusa karata. Kabla ya ugomvi kila mmoja alikuwa na 250,000. Mmoja wenu anapotoka, awe wewe au jirani, kila mtazamaji anajikuta na takriban 308,000. Wamevuna shilingi 58,000 kila mmoja kwa kukaa kimya na kunywa maji. Zimetoka wapi? Kwenu. Nyinyi wawili mliingia na 500,000 pamoja, na aliyeshinda ametoka na 383,000. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wahenga hawakuweka namba tu.

Hapo ndipo kiputo kinapoachana na michezo mingi ya kugombea. Aliyeshinda pambano naye amelipia sehemu ya pambano hilo.

Mambo huwa machungu zaidi chipu zisipolingana. Tuseme mmoja ana 20,000, wewe 12,000, wa tatu 6,000, na wa mwisho ana 2,000 tu, anahesabu pumzi. Yule tajiri anasukuma zote dhidi yako. Ukikataa, nafasi yako ina thamani ya takriban shilingi 313,000. Ukimfuata ukashinda inapanda hadi 406,000 hivi; ukishindwa unatoka kabla ya yule mwenye 2,000, aibu ambayo wachezaji huisimulia miaka. Hesabu inadai ushinde mara 77 katika 100. Tajiri anaweza kusukuma bila hata kutazama karata zake, nawe ukiwa na makumi mawili itakubidi uyatupe, kwa sababu dhidi ya karata zozote zile makumi mawili hushinda kama mara 75. Maghulamu wawili wanapita kwa unywele. Yeye akishindwa bado anabakiwa na 8,000 na kiti chake. Ndiyo maana wenye chipu nyingi hukipenda kipindi hiki, na anayeumia zaidi ni mtu wa kati: ana kitu cha kupoteza, lakini si kingi cha kumtishia mkubwa. Yule wa 2,000 hana presha hiyo. Atasukuma zake kwa karata za wastani, akitoka ametoka.

Daniel Bernoulli aliandika mwaka 1738 kwamba shilingi moja haina uzito sawa kwa tajiri na kwa maskini (yeye alisema dukati), na tangu hapo tumezoea kueleza woga wa hasara kwa kutazama moyo wa mtu na mfuko wake. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky wakaongeza kwamba uchungu wa kupoteza huzidi utamu wa kupata. Ninachokipenda katika kiputo ni kwamba hakihitaji lolote kati ya hayo. Mpe karata roboti asiye na moyo wala madeni, naye atawatupa malkia. Tahadhari imefumwa ndani ya ngazi ya zawadi.

Kanuni hii ya Harville na Malmuth ina upofu wake. Inaona chipu tu. Haioni kwamba raundi ijayo dau la lazima litammeza yule mwenye 2,000, jambo linaloifanya subira yako iwe na thamani kubwa zaidi. Haijui pia nani mjuzi na nani anabahatisha, wala nani amekaa kiti kibaya. Mchezaji mzuri huanza na hesabu, kisha huirekebisha kwa macho.

Kuna mashindano ya mchujo ambayo zawadi zote ni sawa: tiketi kumi, tuseme, za kuingia mashindano makubwa. Wamebaki kumi na mmoja, una rundo kubwa la chipu, na mwenye rundo kama lako anasukuma zote. Unainua karata: ree mbili, mkono bora kuliko yote kabla ya karata za mezani. Zitupe. Ree hushinda kama mara 85 katika 100 dhidi ya karata zozote. Kukaa kimya kunakupa tiketi karibu kila mara, na tiketi ya pili haitolewi.

Katika mashindano makuu ya World Series of Poker ya Las Vegas mwaka 2023 waliingia watu 10,043, kila mmoja kwa dola 10,000. Walilipwa 1,507: wa mwisho wao dola 15,000, na bingwa, Daniel Weinman, dola milioni 12.1. Wa 1,508 amekaa siku kadhaa akaachwa nje ya orodha ya zawadi. Umati unapokaribia mstari huo, kila mwenye chipu chache huanza kufikiri polepole ajabu: anaikodolea macho karata ambayo angeitupa kwa sekunde moja, ili meza nyingine zitoe mtu kwanza. Waandaaji wanalijua hilo, hivyo huamuru kila meza igawe mkono mmoja kisha isubiri hadi meza zote zimalize. Uvivu haulipi tena. Ndipo mtu anapotangaza kusukuma zote kwenye meza fulani ya mbali, mgawaji anazuia karata, kamera zinakimbilia huko, na wachezaji wa meza za jirani wanaacha viti vyao, shingo ndefu, kuangalia nani anatoka.