Mwanao anataka toleo jipya la programu ya video? Muulize kwanza ni kazi gani imekwama

Karatasi aliyonipa kijana wangu ilikuwa na mistari mitatu. Programu ya kuhariri video, toleo jipya: 120,000. Kadi ya grafiki: 550,000. Ramu: 130,000. Chini akapiga mstari, akaandika jumla ya Sh800,000, kisha akanitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne.

Ilikuwa Novemba, harusi zimepamba moto. Kijana anahariri video za sendofu, kicheni pati na harusi kwenye meza ambayo zamani tulikuwa tunalia chakula, kwa kompyuta ya mezani niliyomnunulia zamu yangu ya mchezo ilipofika. Kazi ni ya kweli na inamlipa. Sabuni na luku za nyumba hii ananunua yeye.

Laki nane nilikuwa nazo. Zilikuwa ada ya Januari ya mdogo wake.

Naandika haya kwa sababu najua karatasi ya namna hii imeingia nyumba nyingi. Wengine tunakubali kwa kuona haya kusema kwamba hatuelewi kilichoandikwa. Wengine tunakataa kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nilikuwa karibu kukataa. Kilichonizuia ni uso wake.

Badala yake nikamuuliza, "Mwanangu, ni kazi gani umeshindwa kuifanya kwa toleo ulilonalo?"

"Mama, hili limepitwa na wakati."

Nikamwambia hilo si jibu. Hata kabati langu la vyombo limepitwa na wakati, na sahani zinakaa. Akaondoka amenuna, lakini kesho yake jioni alirudi na majibu matatu, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

La kwanza, wateja wanamletea vipande vilivyopigwa kwa simu na programu yake haivifungui. Hili ni tatizo halisi. Simu nyingi za siku hizi hurekodi kwa mfumo mpya wa kubana video unaoitwa H.265, ambao faili lake ni dogo lakini programu za zamani hazilielewi. iPhone zilianza kuutumia mwaka 2017. Ila dawa yake si lazima iwe toleo jipya. Kuna programu ya bure inaitwa HandBrake, unaiwekea video hiyo, inaigeuza kuwa H.264 ambayo karibu kila programu inaifungua. Na kama mpiga picha ni wa kwenu, kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone kuna sehemu ya kuchagua mfumo unaokubalika na vifaa vingi kabla hajaanza kurekodi. Jibu la kwanza likafutwa bila kutoa shilingi.

La pili, kompyuta inakwamakwama akiweka picha kubwa za 4K. Hapa nilimtafuta fundi, kaka mmoja jirani yetu anayetengeneza kompyuta. Akacheka kidogo. Akasema kijana anataka kumtibu mgonjwa wa mguu kwa kumnunulia viatu vizito zaidi. Kompyuta yetu ina ramu ya gigabaiti 8. Adobe wenyewe, wanaotengeneza Premiere Pro, wanataja 8 kuwa kiwango cha chini kabisa, wanashauri 16 kwa video za kawaida za HD, na 32 au zaidi kwa 4K. Blackmagic, wenye DaVinci Resolve, nao wanataka 16, na 32 kwa anayetumia sehemu yake ya kutengeneza madoido. Toleo jipya mara nyingi huwa zito kuliko la zamani, kwa hiyo mashine inayohema leo itazimia kesho.

Fundi akamwonyesha pia kitu ambacho kijana alikuwa amekisikia na kukipuuza. Programu hizi zinaweza kutengeneza nakala ndogo, nyepesi, za zile picha kubwa. Unahariri ukitumia zile nyepesi, na mwishoni, unapotoa kazi kamili, programu inarudi yenyewe kwenye picha kubwa. Inachukua muda kuziandaa, mara nyingine usiku mzima, lakini siku inayofuata mashine ya zamani inafanya kazi kama kijana.

La tatu ndilo lililokuwa moyoni mwake hasa. Ameona kwenye mitandao maandishi yanayojitokeza yenyewe mtu anapozungumza. Akanionyesha mfano, Mzungu anaongea Kiingereza na maneno yanaruka chini yake. Vizuri. Nikamwambia aipeleke hotuba ya mshenga, ile yenye mafumbo na Kichaga katikati, halafu aniletee matokeo. Hakuniletea.

Hela inakwenda kwa nani?

Mstari wa 120,000 ndio uliokuwa mdogo kwenye karatasi, na ndio ulionisumbua zaidi nilipoanza kuelewa.

Zamani programu hizi zilinunuliwa mara moja, na toleo jipya likitoka unalilipia tena. Adobe waliacha utaratibu huo. Toleo lao la mwisho la kununua moja kwa moja, CS6, lilitoka mwaka 2012, na kuanzia 2013 wakahamia kwenye malipo ya kila mwezi. Premiere peke yake sasa inazidi dola 20 kwa mwezi. Anayelipa hivyo hadaiwi hela nyingine toleo jipya likitoka, limo ndani ya anachokilipia. DaVinci Resolve ina toleo la bure kabisa ambalo linatosha harusi nyingi, na lile la kulipia, dola 295, ukishalinunua matoleo mapya hadi sasa yamekuwa yakija bila malipo. Final Cut Pro ya Apple nayo ni vivyo hivyo kwa waliokwisha kuinunua, ingawa inafanya kazi kwenye kompyuta za Apple tu.

Sasa, kama anayelipia kihalali hadaiwi hela ya toleo jipya, hii 120,000 ni ya nani? Kijana akaangalia chini. Ni ya jamaa anayekuja na fleshi na "kuweka". Maana yake ni programu iliyovunjwa kufuli, wenyewe huiita kreki. Ili iingie, jamaa huanza kwa kuzima kinga ya virusi ya kompyuta. Hebu fikiria mlinzi unayemwambia aondoke getini ili mgeni usiyemjua aingie na begi.

Sikumgombeza sana. Toleo alilokuwa nalo liliingia kwa njia hiyo hiyo, na mimi ndiye nililipa bila kuuliza.

Usiku wa Alhamisi

Tukiwa bado tunabishana, mambo yakaharibika. Alhamisi moja usiku rafiki yake alikuja na toleo jipya na kumwekea bure. Kijana akafungua kazi aliyokuwa nayo mezani, harusi ya binti mmoja wa mtaa wa pili. Programu ikamuuliza kama ilibadilishe faili la kazi liende kwenye toleo jipya. Akakubali. Akahifadhi juu ya lile la zamani, jina lile lile.

Asubuhi toleo jipya lilikuwa likikwama kila baada ya sekunde chache. Akarudi kwenye la zamani. Likakataa kufungua faili.

Hili ni jambo ambalo kila mzazi mwenye mhariri nyumbani alijue. Karibu programu zote za kuhariri video zinakwenda mbele tu. Toleo jipya hufungua kazi ya zamani, la zamani halifungui kazi iliyokwisha kuguswa na jipya. Kwenye DaVinci Resolve ni zaidi ya hapo, kwa sababu inaweza kukutaka ubadilishe ghala zima la kazi zako kwa pamoja, na ndiyo maana wanaoijua huhifadhi nakala ya ghala hilo pembeni kwanza. Mwaka 2011, Apple walipotoa Final Cut Pro mpya iliyoshindwa kufungua kazi za toleo la 7, wahariri wa Marekani na Ulaya walipiga kelele dunia nzima ikasikia. Wengine hawakuhama kabisa. Filamu ya Korea Kusini, Parasite, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ilihaririwa kwa Final Cut Pro 7 ile ile, miaka kadhaa baada ya Apple kuiacha. Nilimsimulia kijana hilo nikidhani nimemshinda. Akanijibu, "Mama, wao hawakuwa wamehifadhi juu ya faili." Nikanyamaza.

Harusi ile haikuwa harusi tu. Babu wa bibi harusi alisimama ukumbini, akashika mikono ya maharusi na kuwabariki kwa kilugha, akachukua muda mrefu hata MC akaanza kuangalia saa. Wiki tatu baadaye alifariki. Familia iliomba video iwe tayari kabla ya arobaini. Kijana alikuwa amefanya kazi siku tisa, na zilibaki siku nane.

Nikamuuliza, picha zenyewe ziko wapi? Ziko kwenye kompyuta. Na memori kadi? Zimerudishwa kwa mwenye kamera, ameshazifuta, ana harusi nyingine. Kwa hiyo sauti na uso wa yule mzee vilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya mashine inayokwamakwama, juu ya meza yangu ya chakula. Nilihisi miguu imelegea.

Siku hiyo hiyo nilitoa Sh180,000, tukanunua diski ya nje ya terabaiti moja. Hatukubishana. Picha zote zikanakiliwa kabla hajagusa kitu kingine.

Aliyetuokoa ni fundi. Alimwuliza kama ameangalia kwenye folda ambamo programu huhifadhi nakala zake yenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Kijana hakujua kama ipo. Ilikuwepo, na nakala ya mwisho iliyofanywa na toleo la zamani ilikuwa ya Jumatatu. Ikafunguka. Badala ya siku tisa alikuwa amepoteza tatu. Alizirudia kwa kukesha, na video ikakabidhiwa siku mbili kabla ya arobaini.

Tulichoamua

Baada ya hapo tulikaa tena na ile karatasi. Ramu tulinunua, kwa sababu fundi alithibitisha kuwa ndiyo iliyokuwa ikikaba. Kadi ya grafiki tuliiacha. Toleo jipya tulikubaliana lisubiri Kwaresima, harusi zikipungua. Mwaka ambao Ramadhani inaangukia jirani na Kwaresima, kumbi nyingi zinakuwa kimya, na huo ndio wakati wa mhariri kufanya majaribio, si Desemba mteja akiwa mlangoni.

Ada ya Januari ililipwa, ingawa kwa awamu mbili.

Sitaki mzazi aelewe kwamba jibu ni kukataa siku zote. Kama kijana wako anafanya kazi na mtu mwenye toleo jipya na wanabadilishana mafaili, atalihitaji, la sivyo hataweza kufungua anacholetewa. Na kompyuta zinazotumia Windows 10 ziliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama kutoka Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo suala la mashine litakujia hata usipoligusa la programu.

Kwaresima ilipofika kijana alifanya jaribio lake kwa utaratibu. Alipakua toleo jipya kutoka kwa watengenezaji wenyewe, akatumia zile siku chache za kujaribu bure, akaacha la zamani palepale lilipo. Hilo linawezekana, ila wakati wa kuweka ni lazima uangalie usikubali la zamani liondolewe. Akachukua nakala ya kazi moja iliyokwisha kukabidhiwa, akaipa jina jingine, akaanza kuichezea.

Alipata jambo moja la maana. Toleo jipya liliweza kutenganisha sauti ya mtu na mngurumo wa jenereta, na kumbi za huku kwetu jenereta haikosi. Alinichezea hotuba ile ile kabla na baada. Hata mimi nilisikia tofauti. Sasa analipia kwa mwezi, kwa hela yake, na kazi mpya anazianzia humo. Zilizoanzwa kwenye la zamani anazimalizia huko huko.

Mwezi Machi mama wa yule bibi harusi alikuja. Nilidhani ana malalamiko. Akasema fleshi ya video imepotea kwenye daladala, na kaka yake anayeishi Mwanza hajaiona bado. Aliuliza kwa aibu kama labda, kwa bahati, kuna chochote kilichobaki.

"Shikamoo mama, karibu ukae," kijana akamwambia, akaenda kufungua droo ya kabati la vyombo, pale tunapoweka ile diski.