Omoka Bila Kuzima

Wasee wa Awasi, hii ni ya wewe unashuti klipu za TikTok hapo steji nganya za Kericho zikipita, wewe wa kinyozi mchana na kuediti usiku, na wewe manzi wa mitumba unaposti luku mpya kila jioni. Mnajituma, hakuna mtu atabisha. Lakini nimeona mabeshte wakali wakizima kabla waomoke, na inaniuma sana.

Wengi watakushow ulale mapema, unywe maji. Poa. Ila mimi naona uchovu wetu unaanzia kwa tarehe ya kulipa deni. Cheki Hustler Fund, ile ilizinduliwa Novemba 2022. Unaweza kukopa kuanzia 500 hadi ngiri 50, riba ni asilimia 8 kwa mwaka, hiyo si mbaya. Noma ni siku 14. Ukinunua taa ya kushuti na hiyo doo, inabidi video zikulipe ndani ya wiki mbili. Na YouTube nayo, ndio uanze kugawiwa pesa za matangazo kwa video za kawaida, inataka subscribers 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka na wiki mbili haziwezi kukutana, buda. Kitu inajaza hiyo nafasi ni mwili wako. Unakesha, unaposti mara tano kwa siku, kichwa inagonga, na bado deni iko.

Sisi wa huku tulipaswa kujua hii mapema, ju tumekulia kando ya miwa. Muwa unakaa shambani karibu mwaka na nusu ndio ukomae vizuri. 2023 miwa ilipungua, viwanda zikaanza kugombania hata ile changa, na muwa mchanga hautoi sukari ya maana. Mwezi wa Julai serikali ikasimamisha kusaga kwa miezi minne, ndio miwa ipate kukomaa. Msee akijivuna kama muwa kila siku akiwa bado mchanga, anaishia hapo hapo.

Na mkulima wa hapa kwetu Kano hangoji muwa peke yake. Ako na ng'ombe, ako na mahindi, mwingine ako na mpunga pande za Ahero. Hizo ndizo zinalisha nyumba muwa ukichukua time yake.

Mwanamuziki Ayub Ogada aliishi hivyo pia. Alienda Uingereza miaka ya 80, akawa anapigia abiria nyatiti kwa stesheni za treni za London ndio apate ya dishi. Albamu yake ya kwanza, En Mana Kuoyo, ilitoka 1993. Ngoma yake Kothbiro ikaingia kwa filamu ya The Constant Gardener 2005, miaka 12 baadaye! Albamu ya tatu, Kodhi, ilikuja 2015. Alirudi nyumbani Kisumu, na huko Nyahera ndiko alifia, Februari 2019. Albamu tatu tu, na mpaka leo ukiweka hiyo nyatiti watu wananyamaza.

Kwa hivyo kama kinyozi ndiyo inalipa keja, iheshimu, usiifunge ju video moja imetrendi. Acha kontenti ikue bila kudaiwa rent. Shuti klipu za wiki nzima siku moja, zingine ziseti zijiposti. Vifaa nunua na faida, ama pesa ya chama yenye mtajadiliana mos mos, sio mkopo wa siku 14.

Na masaa uyachunge kabisa. Shirika la Afya Duniani na lile la kazi, ILO, walisema 2021 kwamba ukifanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki, hatari ya kupata kiharusi inapanda kwa asilimia 35, ukilinganishwa na wa masaa 35 hadi 40. Hesabu zako omera, kinyozi pamoja na kuediti. Wengi wetu tumepita hapo kitambo.

Halafu kuna yule beshte kwa mbogi ameanza kunyamaza. Haposti, simu hashiki, akija base anacheka tu kidogo. Usimuulize views zimefika ngapi. Mpelekee chapo na ndengu, halafu umshikie kibanda yake siku mbili alale.