Siku ya Kupatwa kwa Jua Hujulikanaje?

Kwa somo la leo kiongozi wa kikundi awe na vitu hivi mezani: sarafu moja, bangili mbili zenye ukubwa sawa, karatasi mbili na sindano. Kila mtu awe na kalamu na daftari, maana leo tutafanya hesabu.

Juma lililopita mwanafunzi mmoja, mtu wa makamo, alinisimamisha nje ya darasa. Akasema, "Mwalimu, mvua ya kesho wataalamu hawaijui sawasawa. Wakisema itanyesha, twaanua nguo, na mvua haiji. Sasa wewe wasema jua litapatwa mwaka fulani, tarehe fulani, saa fulani. Mnajuaje?"

Ni swali la haki, na kwa ajili yake nimeliweka kando somo nililokuwa nimelitayarisha. Mvua hutokana na upepo, joto, unyevu wa bahari na urefu wa milima, na mengi ya mambo hayo hubadilika kila saa. Lakini mwezi na dunia havisukumwi na upepo. Huko vinakopita hakuna tope wala mlima. Vinakwenda katika njia zao kwa mwendo unaoweza kupimwa, jana, leo na kesho. Basi kupatwa kwa jua ni kama gari moshi lenye ratiba. Na gari moshi hili, tofauti na mengine tunayoyajua, halichelewi.

Tuanze na sarafu. Funga jicho moja, uishike sarafu mbele ya jicho la pili, kisha utazame nyumba iliyo mbali. Sarafu ndogo imeificha nyumba nzima, sivyo? Haikuificha kwa ukubwa wake, bali kwa sababu iko karibu nawe. Hivyo ndivyo mwezi unavyolificha jua. Jua ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, lakini pia liko mbali nasi kuliko mwezi mara 400 hivi. Kwa hiyo machoni petu vyaonekana sawa. Mwezi ukipita katikati ya jua na dunia, kivuli chake huanguka juu ya nchi, na watu waliomo ndani ya kivuli huona giza mchana. Mara nyingine mwezi huwa mbali kidogo nasi, nao hautoshi kulifunika jua lote. Hapo hubaki duara la moto pembeni, kama pete. Pete hiyo ilionekana Rujewa, katika Mkoa wa Mbeya, siku ya Alhamisi tarehe 1 Septemba 2016, karibu na saa sita mchana, kwa dakika kama tatu.

Sasa twauliza: mwezi hupita katikati lini? Jibu la kwanza mnalo tayari, hata kama hamjui kwamba mnalo. Wazee wetu wa pwani huhesabu miezi kwa kuandama. Kabla mwezi mpya haujaandama, ziko siku za mwisho wa mwezi ambazo hatuuoni kabisa, maana uko upande ule ule lilipo jua. Ni siku hizo tu ndizo mwezi unazoweza kulifunika jua. Mtu akikuambia kwamba jua litapatwa siku ya mwezi mpevu, mwambie hesabu yake ina kasoro.

Lakini mbona halipatwi kila mwisho wa mwezi? Chukueni bangili mbili. Moja ilaze sawasawa mezani. Nyingine ipitishe katika ile ya kwanza, kisha uiinamishe kidogo tu. Mwaona kwamba hukutana mahali pawili, na penginepo moja iko juu na moja iko chini. Bangili iliyolala ni njia ya jua kama tuionavyo sisi angani. Iliyoinama ni njia ya mwezi. Mahali pale pawili ni njia panda. Mwezi na jua visipofika njia panda kwa wakati mmoja, mwezi hupita juu ya jua au chini yake, na sisi hatuoni kitu. Jua hufika penye njia panda kila baada ya miezi sita hivi. Ndiyo sababu kila mwaka, mahali fulani duniani, kuna kupatwa kwa jua mara mbili kwa uchache, na haizidi mara tano.

Hapa ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu. Watu wa Babeli ya kale, katika nchi ambayo leo yaitwa Iraki, waliandika habari za angani juu ya vibao vya udongo kwa mamia ya miaka. Hawakuwa na darubini wala saa za mkono. Walikuwa na subira, na walikuwa wanajua kuandika. Kwa kulinganisha maandishi ya babu na ya wajukuu waligundua kwamba baada ya miezi 223 ya kuandama, kupatwa hurudi. Miezi 223 ni miaka 18, siku 11 na saa 8. Nasema saa 8 kwa urefu wake, wala si saa nane ya mchana. Mwisho wa muda huo mwezi umekuwa mchanga tena, umefika njia panda ile ile, na umbali wake kutoka duniani ni karibu ule ule wa kwanza. Kipindi hiki huitwa sarosi.

Andikeni daftarini: 30 Juni 1973. Siku hiyo jua lilipatwa kabisa, na kivuli kilipita Sahara kikafika kaskazini ya Kenya, kwenye ziwa ambalo siku hizo liliitwa Rudolf na leo ni Turkana. Ongezeni miaka 18. Mmepata 30 Juni 1991. Ongezeni siku 11. Mmepata 11 Julai 1991. Siku hiyo jua lilipatwa kweli, lakini halikupatwa Kenya: lilipatwa Hawaii na Mexico. Ongezeni tena miaka 18 na siku 11: 22 Julai 2009. Siku hiyo giza lilipita India na China.

Kwa nini kivuli huhama? Ni kwa ajili ya zile saa 8. Saa 8 ni theluthi ya siku, na katika muda huo dunia hujigeuza theluthi ya mzunguko. Basi mwezi unapokuwa tayari kulifunika jua, nchi yako imekwisha geuka, na kivuli huangukia wengine walio theluthi ya dunia upande wa magharibi. Ukihesabu sarosi tatu, theluthi tatu zinakuwa mzunguko mzima, na kivuli hurudi upande wetu. Haya, ongezeni mara ya tatu. 22 Julai 2009, na miaka 18, na siku 11. Aliyepata Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, amepata sawa na wataalamu wa dunia nzima.

Siku hiyo ukanda wa giza utapita kusini ya Hispania, Afrika ya Kaskazini, Misri, Saudia, Yemeni, na ncha ya kaskazini ya Somalia. Karibu na mji wa Luxor, huko Misri, jua litafunikwa kwa zaidi ya dakika 6, karibu na saa saba mchana kwa saa zetu. Mji wa Makka pia umo katika ukanda huo.

Mtaona kwamba haukurudi Turkana. Sababu ni kwamba zile hesabu za mwezi hazilingani kabisa. Kuna tofauti ndogo, na tofauti hiyo husogeza kivuli kidogo kila mara. Ukirudi nyuma sarosi tatu kutoka mwaka 1973 utafika tarehe 29 Mei 1919. Siku hiyo kivuli kilivuka Kongo na kusini ya Tanzania ya leo. Basi tazameni kwenye ramani: 1919 kusini ya Tanzania, 1973 Turkana, 2027 Misri na Somalia. Ukoo huu unapanda kuelekea kaskazini. Katika kupatwa kule kwa 1919, Mwingereza Arthur Eddington alikuwa amekwisha safiri kwa meli mpaka kisiwa cha Príncipe, Afrika Magharibi, akipiga picha za nyota zilizo karibu na jua ili kujua kama mwanga wao unapinda, kama Einstein alivyosema. Mtu hapandi meli na mizigo ya vyombo kwenda kisiwani kungoja giza la dakika tano, ila awe anaiamini hesabu yake.

Lakini sarosi peke yake haikuambii mji wala dakika. Kwa hayo hatuna budi kupima mwendo wa mwezi wenyewe. Mwaka 1715 Edmond Halley wa Uingereza alichapisha ramani kabla ya siku yenyewe, akionyesha kivuli kitapita wapi katika nchi yake. Akawaomba watu wa miji mbalimbali wamwandikie, kila mmoja akitaja saa aliyoona giza na lilidumu muda gani. Hesabu yake ilikosea kwa dakika kama 4, na ukingo wa kivuli kwa maili kama 20. Mimi napenda sana jambo hili: aliwataka watu wa kawaida wamkosoe, kisha akaitengeneza upya ramani yake. Leo wataalamu hupima umbali wa mwezi kwa kumulika vioo vilivyoachwa huko tangu mwaka 1969, na saa ya kupatwa hutajwa kwa sekunde.

Sasa niwaambieni kwa nini nimelichagua somo hili. Mama yangu alikuwa msichana mdogo tarehe 16 Februari 1980, siku ya Jumamosi, jua lilipopatwa kabisa katika sehemu za Tanzania na Kenya. Nyumbani kwao kulikuwa ndani ya ukanda. Wakubwa waliwaingiza watoto wote ndani, wakafunga mlango kwa komeo, wakaziba na dirisha kwa gunia. Mama alisikia jogoo wakiwika na watu wakiomba Mungu kwa sauti. Alipofunguliwa jua lilikuwa limerudi, na kuku walikuwa wanatoka bandani mara ya pili siku ile. Mpaka leo yeye husema, "Lilikuja mpaka mlangoni kwangu, nami sikuliona." Kwa wastani mahali pamoja hungoja karne tatu na zaidi kabla giza kamili halijarudi.

Wakubwa wale walikuwa na hofu ya macho, na hofu hiyo ilikuwa na haki kwa nusu. Jua lililoliwa upande mmoja huunguza nyuma ya jicho, na mahali hapo hapasikii maumivu. Mtu hutazama, hucheka, huenda kulala. Asubuhi huona doa jeusi katikati ya kila kitu, na doa hilo laweza kubaki maisha yake yote. Lakini ndani ya ukanda wa giza kamili, kwa zile dakika ambazo jua limefunikwa lote, jicho tupu halina hatari. Mama alifungiwa hata dakika hizo.

Kwetu sisi, sikilizeni vizuri: tarehe 2 Agosti 2027, Kenya, Uganda na kaskazini ya Tanzania zitaona jua likiliwa upande mmoja tu. Na tarehe 21 Mei 2031, asubuhi, pete ya moto itapita Angola, Kongo, Zambia na Tanzania. Siku zote hizo mbili hakutakuwa na hata dakika moja ya kutazama kwa macho matupu hapa kwetu. Pete nayo huunguza. Miwani ya jua ya dukani haifai. Kioo kilichopakwa masizi hakifai, wala picha ya eksirei, wala kutazama jua ndani ya beseni la maji kama wengi wetu tulivyofundishwa. Kinachofaa ni miwani maalumu ya kutazamia jua, yenye alama ISO 12312-2, isiyo na tundu wala mkwaruzo; au kioo cha wachomeleaji vyuma, namba 14.

Asiye na kitu chochote asifungiwe ndani. Atoboe karatasi kwa sindano, alipe jua kisogo, mwanga upite katika tundu na kuangukia karatasi ya pili. Hapo ataona jua dogo lililoumwa. Au asimame chini ya mwembe, aangalie chini: kila kipande cha mwanga kinachopenya majanini kitakuwa na umbo la mwezi mchanga, mamia kwa mamia mchangani. Watoto watafurahi, na macho yao yatakuwa salama.

Kazi ya kikundi. Jua lilipatwa Rujewa tarehe 1 Septemba 2016. Ongezeni sarosi moja, mwandike tarehe. Angalieni: katika miaka 18 mara nyingi huwa na Februari nne zenye siku 29, zikiwa tano, ongezeni siku 10 badala ya 11. Kwa hiyo kwanza zihesabuni. Kisha chukueni ramani ya dunia, mwende theluthi ya mzunguko upande wa magharibi kutoka Tanzania, na mtaje bara litakaloiona pete hiyo. Linganisheni majibu yenu na kikundi cha jirani kabla ya somo lijalo. Kwaherini.